Lavoisier, Mtu wa Mizani

Killa aliyekulia baina ya Diani na Msambweni amesikia khabari ya tanuu la chokaa. Magogo hupangwa, mawe ya matumbawe hupandishwa juu yake, moto hutiwa. Ukizimika hutoka jiwe jeupe, jepesi kuliko lilivyoingia. Mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu alituuliza uzito uliopungua umekwenda wapi. Tumeona kheri kumjibu kwa kueleza maisha ya mtu aliyetumia umri wake katika masuali ya namna hii, naye ni Antoine Lavoisier, Mfaransa.

Alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743. Mamaake alifariki naye angali mdogo. Babaake alikuwa mwanasheria, na mtoto pia akasomeshwa sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika ilimu ya maumbile. Mwaka wa 1768 aliingizwa katika Akademia ya Sayansi, na mwaka huo huo akanunua sehemu katika shirika la matajiri waliokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Humo alipata mali ya kununulia mizani bora kabisa za zama zake, na humo ndimo yalimotoka mauti yake. Sisi hatuyasifu mapato hayo. Raia walilichukia shirika lile, na walikuwa na sababu.

Wakati ule wengi walidhani kuwa maji yakichemshwa sana hugeuka udongo, kwani mashapo huonekana chini ya chombo. Lavoisier alitia maji katika chombo cha kioo, akakiziba, akayatia moto siku 101. Mashapo yakatokea. Akapima: chombo pamoja na vilivyomo havikuzidi wala havikupungua, bali kioo peke yake kilikuwa kimepungua. Udongo ule ulitoka katika kioo! Siku mia na moja kwa suali moja. Wasomaji wetu wasidhani kuwa mizani ni ilimu ya Wazungu tu, maana al-Khazini aliandika kitabu kizima juu yake mwaka wa 1121.

Kisha akaingia katika khabari ya moto. Wanavyuoni wa zama zake walisema kuwa kitu kikiungua hutokwa na kitu kiitwacho flojistoni. Yeye mwaka wa 1772 aliona kiberiti cha manjano na fosforasi vikiungua huzidi uzito. Basi ikiwa kitu kimetoka, uzito umezidije? Mwaka wa 1774 Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris akamweleza hewa aliyoipata kwa kuutia moto unga mwekundu wa zebaki. Lavoisier akaifanya kazi ile tena kwa mizani, akatambua kuwa hewa hiyo ndiyo inayoingia katika kitu kinachoungua, akaiita oksijeni. Insafu yataka tuseme kuwa si yeye aliyeipata kwanza, wala hakuwa mwepesi wa kutaja fadhila za wenziwe.

Mkewe, Marie-Anne, alijifunza Kiingereza ili amfasirie vitabu, na picha za vyombo katika kitabu cha mwaka wa 1789 amezichora yeye. Humo mumewe aliiweka wazi kanuni kuwa katika killa mchanganyiko, kadiri ya vitu kabla na baada ni moja. Baada yake Joseph Proust akathibitisha kuwa vitu huungana kwa kadiri isiyobadilika, na John Dalton, mwalimu wa Manchester, kuwa vitu viwili vikiungana kwa njia zaidi ya moja, kadiri zake hulingana kwa hisabu nyepesi. Ratili 12 za kaboni zikishika 16 za oksijeni, hutoka sumu inayoua wanaolala na jiko la makaa chumba kimefungwa. Zikishika 32, hutoka hewa tuipumuayo nje.

Hewa hii ya pili ndiyo jawabu ya mwanafunzi wetu. Ratili 100 za jiwe la chokaa lililo safi hutoa chokaa 56, na 44 zilizobaki huruka kwa hewa hiyo. Chokaa ikizimwa hunywa maji ratili 18, ikawa 74. Ikisha kupigwa lipu ukutani, huyatoa maji yale pole pole na kuivuta hewa yake, ikarudi jiwe la ratili 100. Ndiyo iliyoshika kuta za msikiti wa kale wa Kongo, Diani. Ajabu ni kuwa Lavoisier mwenyewe alikosea katika chokaa, akaihisabu miongoni mwa vitu visivyogawika. Humphry Davy akaigawa kwa umeme mwaka wa 1808.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipowageukia wakusanya kodi, alitiwa gerezani pamoja nao. Tarehe 8 Mei 1794 alikatwa kichwa, na mkwewe, babaake Marie-Anne, siku hiyo hiyo. Umri wake ulikuwa miaka 50. Mjane alinyang'anywa mali na vitabu, baadae akarudishiwa, akayakusanya maandiko ya mumewe na kuyatoa. Alifariki mwaka wa 1836.