Ibn Al-Baytwaar: Mwanachuoni wa Mimea Aliyehakikisha Kabla ya Kusema

Himdi Anastahiki Allaah, Rabb wa walimwengu. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake wote.

Maswali kuhusu dawa za miti shamba hayaishi. Mtu huuziwa unga wa majani, na jina la mmea halijui ila kama alivyolitaja muuzaji. Jambo hili huzigusa zaidi familia zenye vijana waliovuka kwenda bara kutafuta riziki, wengine wakafika hadi machimbo ya dhahabu kama Rwamgasa, Geita, ambako watu wa makabila mengi hukutana na kila mmoja ana dawa ya kwao. Tumeona tusimulie maisha ya Muislamu aliyetumia umri wake wote katika jambo hili hili.

Jina Lake na Kukua Kwake

Ni Dhiyaa Ad-Diyn Abu Muhammad ‘Abdullaah bin Ahmad, maarufu kwa jina la Ibn Al-Baytwaar, yaani mtoto wa tabibu wa wanyama. Alizaliwa Malaqa, Andalus, mji unaoitwa leo Málaga nchini Hispania, mwishoni mwa karne ya 6 Hijriyyah. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Al-‘Abbaas An-Nabaatiy wa Ishbiliyah, ambaye alimchukua maporini kukusanya mimea. Kwa mwalimu huyu alijifunza kwamba mmea haujulikani kwa kuusoma kitabuni peke yake. Sharti uuone ulipoota, ulipotoa maua na ulipokauka.

Safari Zake

Karibu na mwaka 1220M aliiaga Andalus, na hakurudi tena. Alipita Maghrib, Bijaya, Tunis na Tripoli, akaendelea hadi nchi za Warumi na Waturuki. Kila alipofika aliwatafuta wanaoijua mimea ya hapo, akaandika majina yao, akaikagua mimea yenyewe.

Alipofika Misri, Sultani Al-Malik Al-Kaamil alimfanya mkuu wa wataalamu wa mimea ya dawa. Alipofariki Sultani huyo mwaka 635H, alimtumikia mwanawe, As-Swaalih Najm Ad-Diyn Ayyuub. Mwaka 633H alikutana Damascus na tabibu Ibn Abi Uswaybi‘ah, akawa mwalimu wake, wakitoka pamoja nje ya mji kuangalia mimea. Mwanafunzi huyo ameeleza kuwa mwalimu wake alikuwa hataji dawa ila huonyesha ni makala gani na nambari gani imetajwa katika vitabu vya Dioscorides na Galen, kisha hubainisha walipokosea waliokuja baadaye.

Kitabu Chake

Kitabu chake kikubwa, Al-Jaami‘, kimekusanya dawa na vyakula zaidi ya 1,400 kwa mpangilio wa herufi. Kila kauli ameirudisha kwa mwenyewe, na yale aliyoyahakikisha kwa jicho lake ameyabainisha. Ameweka pia majina ya mmea mmoja kwa Kiarabu, Kiyunani, Kiberber na lugha ya watu wa Andalus. Hakufanya hivyo kwa kupamba kitabu. Aliona kwamba jina likikosewa, mgonjwa hupewa mmea mwingine.

Tuchukue mfano wa mmea wa anjura, unaoitwa pia qurrays, unaochoma ngozi ukiguswa tu. Ni katika mimea aliyoiandika Ibn Al-Baytwaar, na kabla yake Dioscorides alishataja majani yake pamoja na chumvi kwa majeraha ya kuumwa na mbwa. Jamaa zake huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Wakikuyu huuita thabai na huyala majani yake yakishapikwa, kwani moto huondoa mwasho. Watafiti wameona kwamba vinyweleo vyake ni kama sindano tupu ndani: ncha ikivunjika, maji yaliyomo huingia ngozini. Mwaka 1947 Emmelin na Feldberg walionyesha kuwa maji hayo yana histamini na asetilikolini.

Kwa Kiswahili wapo wanaouita mmea huu upupu, na hapo ndipo penye hatari. Upupu tunaoujua pwani na visiwani ni mmea mwingine kabisa, wa jamii ya kunde, na mwasho wake uko katika manyoya ya maganda. Mbegu zake zina levodopa, dawa yenye nguvu iendayo kwenye ubongo, inayoweza kutapisha na kushusha shinikizo la damu. Anayetaka majani ya anjura akapewa mbegu za upupu amepewa dawa nyingine, ingawa jina ni moja.

Kifo Chake

Alifariki Damascus mwaka 646H, sawa na 1248M. Allaah Amrehemu. Vitabu vyake viliendelea kusomwa na matabibu kwa karne nyingi.

Mafunzo Kwetu

Kwanza: kujitibu kwa miti shamba si haramu kwa asili yake, lakini mmea ujulikane kwa hakika. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) ametufunza kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayosababisha. Muuzaji aliogope hili, na mnunuzi aulize.

Pili: ugonjwa nao ujulikane. Mwaka 2003, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, watafiti waliwapima watu wa Rwamgasa damu, mkojo na nywele, wakawalinganisha na watu wa Katoro wasiofanya kazi na zebaki. Walioathirika zaidi walikuwa wanaochoma zebaki ili ibaki dhahabu. Kijana anayetetemeka mikono kwa sababu hii asipoteze miezi kwa unga asioujua. Aepushwe na moshi ule, apelekwe hospitali, na amwambie daktari kila alichokunywa.

Tatu: wazee wetu wanaoijua mimea tuwaulize wakiwa hai, tuandike jina la mmea pamoja na sura yake na mahali unapoota.

Tunamuomba Allaah Atupe elimu yenye manufaa na Awaponye wagonjwa wetu. Aamiyn.

Wa-Allaahu A‘lam.