Tabibu Aliyesoma Mavazi ya Vipepeo

Wengi wetu huku pwani twaijua Kisumu kwa samaki na kwa reli. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufuoni kwa Ziwa mwaka 1901, na kwa miaka mingi njia ya kwenda Uganda ilikuwa ndiyo hiyo: garimoshi mpaka Kisumu, kisha meli. Leo nataka kuwahadithia habari za mmoja katika watumishi wa Uganda wa zama hizo, tabibu wa Kiingereza Geoffrey Hale Carpenter.

Alizaliwa mwaka 1882, akasoma Oxford, na 1910 akaingia katika idara ya tiba. Hakuletwa kwa ajili ya vipepeo. Aliletwa kwa ajili ya mbung'o, mdudu aenezaye malale. Maradhi hayo yalikuwa yameua maelfu kwa maelfu ya watu kandokando ya Ziwa, upande wa Uganda na upande huu wa Nyanza pia, hata serikali ikawahamisha kwa amri wenyeji wa visiwa vya Ssese. Carpenter akakaa katika visiwa hivyo vilivyobaki mahame, akichunguza mbung'o, na apatapo nafasi akitazama vipepeo.

Kuna vipepeo wa huko, jamii ya Acraea, wenye sumu mwilini. Ndege akimwonja mmoja humtema, na tangu siku hiyo akiona rangi ile ya machungwa juu ya weusi, hujiepusha. Yuko kipepeo mwingine, Pseudacraea, aliwaye bila ya madhara, naye amevaa vazi la wale. Tena hana vazi moja: huyu ana utepe wa machungwa, yule mweupe, hata wataalamu wakawadhania kuwa ni jamii mbalimbali. Carpenter alilea viwavi wa mayai ya mama mmoja, wakatoka watoto wa mavazi tafauti.

Kisha akawahesabu. Bara, kwenye wenye sumu wengi, waigaji walifanana nao barabara. Visiwani, kwenye wenye sumu wachache, waigaji walichanganyika rangi, nusu hivi nusu vile. Sababu ni jicho la ndege. Asipokutana na wenye sumu mara kwa mara, hafunziki kuliogopa vazi lao. Basi aliyekosea kuiga huishi sawa na aliyepatia.

Mimi mtu wa mashairi hili lanistaajabisha. Rangi haina maana peke yake. Maana imo katika jicho liitazamalo na yale liliyokwisha kufunzwa. Kipepeo mwenyewe ana jicho lake pia: kwa rangi hutafuta maua, na kwa rangi humtambua mwenziwe. Wako hata waonao nuru tusiyoiona sisi.

Carpenter alitoa kitabu chake juu ya Ziwa mwaka 1920, akawa profesa Oxford tangu 1933 hata 1948, akafariki 1953. Sifa yake ni ya haki. Lakini nilipofika Kisumu nikasimama Dunga, penye mafunjo, niliowafikiri zaidi ni wale waliohamishwa. Utulivu uliompa tabibu wasaa wa kuhesabu mbawa ulitoka katika mahame ya watu. Elimu yake tuichukue, na wenye visiwa nao tuwataje.