Frank Worsley na Vipimo Vinne vya Jua
Frank Worsley (1872–1943), mzaliwa wa Akaroa, New Zealand, alikuwa nahodha wa meli ya Endurance, iliyozama katika Bahari ya Weddell mwaka 1915. Tarehe 24 Aprili 1916, yeye, Ernest Shackleton na wenzao wanne waliondoka Kisiwa cha Elephant kwa mashua kutafuta msaada South Georgia, wakiwaacha watu 22. Kukikosa kisiwa hicho kungemaanisha kupotelea baharini. Jua lilijitokeza kwa nadra. Worsley alikipima kimo chake kwa sekstanti mara nne tu, huku akishikiliwa asitupwe na mawimbi. Mapengo kati ya vipimo aliyajaza kwa kukadiria mwendo na mwelekeo. Walifika tarehe 10 Mei. Wale 22 waliokolewa wote tarehe 30 Agosti 1916.