Allidina Visram: Jina Lililokuwa Mtaji

Kwa wafanyabiashara wa Awindiri, Arua, wanaovusha mizigo kwenda Kongo na Sudan Kusini, jina zuri ni mtaji. Allidina Visram alilijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akafika Afrika Mashariki akiwa na miaka 12. Alianza kazi Bagamoyo kwa tajiri Sewa Haji Paroo, kisha akajitegemea. Maduka yake yalifuata njia za misafara, na baadaye reli, hadi Jinja na Kampala. Yalizidi 30, yote yakiwa na jina moja. Aliuza nguo na shanga, akanunua pembe za ndovu. Wenye maduka madogo aliwakopesha bidhaa wakauze, wakamlipa baadaye. Hivyo jina lake liliaminika hata mahali ambapo mwenyewe hakuwapo.

Lakini imani hiyo ilikuwa juu ya mtu, si kampuni. Visram alifariki mwaka 1916. Mwanawe Abdulrasul alipofariki mwaka 1923, biashara ilisambaratika. Leo jina linafahamika zaidi kwa shule ya sekondari ya Mombasa. Mwenye duka anaweza kulijenga jina peke yake. Kulidumisha kunahitaji utaratibu ambao wengine wataurithi.