MUKONO ULIOIBA UKAWA MUKONO WA KUGAWA
Maisha ya George Müller, baba wa mayatima



Kila juma tunatoa sadaka. Wamama wanaleta unga na mihogo, wababa wanaleta feza, watoto wanaleta kile kidogo walichopewa nyumbani. Lakini kuna ulizo moja linalosumbua mioyo ya wengi, hata kama hawalisemi kwa sauti: kile tunachotoa kwa ajili ya mujane na yatima, kinawafikia kweli? Wengine wameanza kufunga mukono kwa sababu waliona feza ya wamasikini ikipotea njiani. Juu ya hiyo tunawaletea leo maisha ya mutu mumoja aliyeanza kwa kuwa mwizi, na Mungu akamugeuza kuwa mutunzaji wa mali ya mayatima zaidi ya elfu kumi.

George Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika Kroppenstedt, inchi ya Prussia, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mukusanyaji wa kodi, na feza ya serikali ililala nyumbani mwao. Kabla ya kutimiza miaka kumi, George alikwisha kuzoea kuiba katika feza hiyo. Baba akaona hesabu hailingani. Siku moja akahesabu franga kwa siri, akaziacha ndani ya chumba ambamo mutoto alikuwa. Aliporudi alikuta zimepunguka. Wakamupekua, wakazikuta ndani ya kiatu, chini ya mguu wake. Alipigwa, lakini fimbo haikubadilisha moyo.

Alipokuwa na miaka 14 mama yake akafariki. Usiku ule George alikuwa anacheza karata na rafiki zake mpaka saa nane, bila kujua kwamba mama yake anakata roho. Wakati alipotayarishwa kwa kushiriki meza ya Bwana, baba yake alimupa feza ya kumupelekea muchungaji. Alimupelekea sehemu moja tu katika sehemu kumi na mbili, zingine akazikula. Akiwa na miaka 16 alitiwa gerezani kwa sababu alikaa katika hoteli, akakula na kulala, halafu hakuwa na kitu cha kulipa. Baba yake ndiye aliyelipa deni ili atoke.

Wandugu, tuangalie vizuri. Huyu ndiye mutu ambaye Mungu alimutafuta. Hakuna kati yetu ambaye angemupa funguo za sanduku la kanisa.

Katika mwaka wa 1825 alikuwa anasoma katika chuo kikuu cha Halle ili awe muchungaji. Alisomea kazi ya Mungu bila kumujua Mungu. Mwezi wa Novemba rafiki yake mumoja akamupeleka katika mukutano wa sala uliofanyika katika nyumba ya mutu mumoja wa kawaida. Pale aliona kitu ambacho hakuwa ameona katika maisha yake yote: mutu anapiga magoti na kuomba. Kuanzia usiku ule mambo yake yakageuka. Aliacha uongo, aliacha wizi, akaanza kusoma Neno. Kisha, kwa muda wa miezi miwili, alilala bure katika chumba cha wanafunzi masikini, ndani ya nyumba za mayatima zilizojengwa Halle na August Hermann Francke, mutumishi wa Mungu wa zamani. Yeye mwenyewe alikula matunda ya huruma ya mutu aliyekwisha kufa miaka mingi. Hakulisahau jambo hilo.

Mwaka wa 1829 alifika Uingereza. Mwaka uliofuata alioa Mary Groves, mwanamuke wa imani. Wote wawili wakakubaliana kuacha mushahara. Müller hakutaka tena tajiri akae mbele kanisani kwa sababu amelipia kiti chake, na masikini asimame nyuma. Akaweka sanduku ndani ya kanisa, kila mutu atie ndani kama moyo wake unavyomuongoza. Mwaka wa 1832 wakahamia muji wa Bristol. Katika mwaka huohuo ugonjwa wa kolera ukaingia mujini na kuua watu wengi. Watoto wakabaki bila baba na mama, wakitembea katika barabara na kuomba mukate.

Watoto hao walimuumiza roho. Nyumba nyingi za mayatima za wakati ule zilikuwa kwa ajili ya wenye kujulikana: mutoto alipaswa kupata sauti za watu wakubwa waliochanga feza, kama vile katika uchaguzi. Masikini asiye na mutu wa kumusemea alibaki inje. Müller akakata shauri kufungua nyumba ambamo mutoto aliyepoteza baba na mama ataingia bila kulipa na bila kusemewa na mukubwa. Tena, hatamuomba mutu feza. Ataomba Mungu peke yake, ili watu waone kwamba Mungu anaishi.

Kati ya zawadi za kwanza kulikuwa zawadi ya mwanamuke mushonaji. Huyu mama alikuwa mugonjwa mara nyingi, na kwa sindano yake alipata shilingi mbili mpaka tano kwa juma. Wakati ule shilingi 20 zilikuwa pauni 1. Baba yake, mulevi, alipofariki, yeye akapata uriti wa pauni 480. Ndugu zake waliwapa wenye kudai baba yao shilingi 5 tu kwa kila pauni 1, na jambo likaisha mbele ya sheria. Lakini yeye akawaendea kwa siri, akawalipa yote iliyobaki. Akamupa mama yake pauni 100. Kisha akaleta pauni 100 kwa ajili ya mayatima. Müller aliogopa kuzipokea. Alienda kumuona, akamuuliza maulizo mengi, ili ajue kama ametoa kwa akili iliyotulia na si kwa joto la siku moja. Mama alikuwa imara, naye akapokea. Yule aliyekamata feza ya baba yake bila kuuliza, sasa anaogopa kupokea feza anayopewa kwa mikono miwili. Ndivyo Mungu anavyobadilisha mutu.

Mwezi wa Aprili 1836 nyumba ya kwanza ilifunguliwa katika barabara ya Wilson, kwa wasichana. Nyumba zingine zikafuata. Siku nyingi zilikuwa ngumu. Kulikuwa asubuhi ambapo hakuna feza hata ya maziwa ya mangaribi. Wafanyakazi waliuza vitu vyao wenyewe na kutoa mushahara wao. Müller hakukubali kununua kwa deni, na watoto hawakukosa chakula.

Mwezi wa Septemba 1838 sanduku lilikuwa tupu kabisa. Siku ile mwanamuke mumoja aliyetoka upande wa London akaleta feza ambayo binti yake alituma kwa ajili ya mayatima. Ikajulikana kwamba alikuwa amefika Bristol siku kadhaa mbele, na alikuwa amepanga karibu sana na nyumba ya watoto wa kiume. Müller alimushukuru Mungu kwa sababu musaada ulikuwa tayari pale wakati wao walipokuwa wanaomba. Lakini sisi wenye kutoa tujifunze jambo lingine. Siku hizo zote musaada ulilala ndani ya mufuko, na kando yake watu walilia mbele ya Mungu. Ndugu, ni ya nani ile feza uliyoahidi mujane juma lililopita, nayo ingali ndani ya mufuko wako?

Mwaka wa 1845 jirani mumoja aliandika barua ya heshima: watoto wamekuwa wengi, makelele yamezidi, majirani wanasumbuka. Müller hakukasirika. Aliona kwamba wana haki, akaanza kutafuta pahali inje ya muji, kwenye kilima cha Ashley Down. Mwenye udongo alikuwa anataka pauni 200 kwa kila eka. Usiku mumoja alikosa usingizi, na asubuhi akamuuzia Müller kwa pauni 120. Mwezi wa Juni 1849 watoto wakahamia katika nyumba mupya yenye nafasi ya watoto 300. Kufikia mwaka wa 1870 nyumba kubwa tano zilikuwa zimesimama pale, zenye nafasi ya watoto 2,050. Zilijengwa kwa zaidi ya pauni 100,000, bila kukopa.

Sasa tufike kwenye moyo wa habari hii. Katika maisha yake yote karibu pauni milioni moja na nusu zilipita katika mikono ya Müller. Aliandika kila kitu. Shilingi ya mutumishi wa jikoni iliandikwa sawa na pauni mia za tajiri. Ripoti zilichapishwa ili wote wasome, lakini majina ya watoaji hayakuwekwa, ili mutu asitoe kwa kutafuta sifa. Mwishoni mwa mwaka wa 1841, wakati wa ukosefu mukubwa, alichelewesha ripoti kwa makusudi, ili watu wasifikiri anawaomba. Watu walimupa pia zawadi zake mwenyewe, na sehemu kubwa sana ya hizo aliigawa kwa wengine.

Alifariki asubuhi ya tarehe 10 Machi 1898, ndani ya nyumba ya tatu ya mayatima, akiwa na miaka 92. Watoto 10,024 walikuwa wamelelewa. Walipohesabu mali yake, pamoja na vitabu na vyombo vya nyumba, haikufika pauni 200.

Wandugu wapenzi, katika inchi yetu vita na magonjwa vimetuachia mayatima wengi. Wengine tunawaita watoto wa barabarani, kana kwamba barabara ndiyo iliwazaa. Wengine walifukuzwa na jamaa iliyokula uriti wa baba yao, kisha ikawaita wachawi. Tusiseme tunangojea kuwa matajiri. Mushonaji yule hakungojea. Tusiseme pia kwamba tumechafuka sana kwa mambo ya zamani. Mwizi wa Kroppenstedt alikuwa amechafuka.

Na sisi tunaoshika sanduku, wazee na mashemasi, tufungue daftari mbele ya kanisa. Sala na hesabu havigombani. Müller alipiga magoti asubuhi, na mangaribi akaandika. Mama anayetoa akijua kwamba unga wake umefika katika chungu cha yatima, juma lijalo ataleta tena, naye atakuja na jirani yake.

Bwana afungue mikono yetu, na asiache kitu cha masikini kigande ndani yake. Amina.