Hans Wilsdorf: Yatima aliyeitoa saa mfukoni na kuivika mkononi

MWANZONI mwa karne ya 20, mwanamume wa Ulaya aliyeonekana amevaa saa mkononi alichekwa. Saa ya mwanamume ilikuwa ya mfukoni, yenye mnyororo na kifuniko. Ile ndogo ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Tena mafundi wenyewe walishikilia kwamba kidude kidogo namna ile, chenye kutikiswa kutwa kucha, kamwe kisingeweza kushika majira sawasawa.

Aliyejitosa kuibatilisha imani hiyo hakuwa fundi. Hans Wilsdorf alizaliwa Machi 22, 1881, katika mji wa Kulmbach, Ujerumani. Alipofika umri wa miaka 12 alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Wajomba na baba zake wadogo waliuza biashara ya familia na kumpeleka shule ya bweni mjini Coburg, alikojifunza Kiingereza na hesabu, elimu iliyokuja kumfaa kuliko urithi wowote.

Mnamo 1900 aliajiriwa karani katika kampuni ya kuuza saa nje huko La Chaux-de-Fonds, Uswisi. Kila siku alitia ufunguo mamia ya saa na kuzikagua iwapo zilikwenda sawa. Miaka mitatu baadaye alihamia London, na mwaka wa 1905, akiwa na umri wa miaka 24, akafungua biashara pamoja na shemejiye, Alfred Davis. Jina Rolex lilisajiliwa mwaka wa 1908, fupi na rahisi kutamkwa kwa lugha yoyote.

Mitambo aliinunua kwa Aegler wa mji wa Bienne, kisha akaipeleka kwa wakaguzi. Mwaka wa 1910 saa yake ya mkononi ilipata cheti cha usahihi nchini Uswisi. Mnamo Julai 1914 nyingine ilifaulu mtihani wa siku 45 katika kituo cha Kew, Uingereza, ikiwekwa mikao mbalimbali, kwenye baridi na kwenye joto, na ikatunukiwa cheti cha daraja A. Hoja ya mafundi ikawa imevunjwa.

Majuma machache baadaye vita vikazuka. Askari aliyekuwa handakini hakuwa na nafasi ya kupapasa mfuko kutafuta saa, na dhihaka ile ya zamani ikafia huko. Hata hivyo, jina la Kijerumani lilikuwa balaa mjini London. Mwaka wa 1915 kampuni ikaacha kuitwa kwa jina lake. Mwaka uo huo Uingereza ilitoza saa kutoka nje ushuru wa thuluthi moja ya thamani yake. Hatimaye Wilsdorf aliyahamishia makao yake Geneva.

Adui aliyebaki alikuwa maji na vumbi. Alinunua haki ya uvumbuzi wa kitufe cha kukaza kwa kuzungushwa kutoka kwa Waswisi wawili, na mwaka wa 1926 akatoa saa iitwayo Oyster, yaani chaza. Oktoba 1927, Mercedes Gleitze aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Baada ya mwanamke mwingine kudai uwongo kwamba amefanya vivyo hivyo, naye Gleitze akatiliwa shaka, akarudi majini Oktoba 21, safari hii akiwa na Oyster. Baridi ilimshinda baada ya zaidi ya saa 10, akatolewa. Saa ilitoka ingali inakwenda. Novemba 24, Wilsdorf alijaza ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail kwa tangazo. Mwogeleaji alishindwa, saa ikashinda. Ni mfanyabiashara hodari tu awezaye kuuza habari kama hiyo.

Lakini biashara haikuwa yote. Katika Vita vya Pili vya Dunia, maafisa Waingereza waliotekwa walinyang'anywa saa zao. Wilsdorf, mzawa wa Ujerumani iyo hiyo, aliwapelekea nyingine kambini kwa ahadi ya kulipa vita vikiisha, hali hakuna aliyejua vingeisha lini, wala nani angeshinda.

Mkewe, Florence, alifariki mwaka wa 1944. Hawakuwa na mtoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf aliunda wakfu kwa jina lake, nao ukarithi kampuni. Alifariki Geneva Julai 6, 1960, na hadi leo wakfu huo ndio mmiliki wa Rolex.