Pierre-Paul Riquet, Mtu wa Mfereji

Msafiri apandaye mashua mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, mwezi wa Oktoba, hana budi kwenda polepole. Sheria ya mfereji haimruhusu kupita kilomita 8 kwa saa, kwa hiyo hata mtu wa baiskeli apitaye kando ya maji humwacha nyuma. Majani ya miti yamegeuka rangi na kuanguka majini, zabibu zimekwisha vunwa, na watalii wa kiangazi wamekwenda zao. Kila baada ya mwendo kidogo mashua huingia katika chumba cha mawe, milango hufungwa nyuma yake, maji huachiliwa, na mashua huinuka au hushuka kama mtu akwendaye ngazini. Hivyo ndivyo aendavyo kilomita 240 mpaka ziwa la Thau, lililo mlangoni pa Bahari ya Mediterania.

Mfereji huo huitwa Canal du Midi. Mimi sijaufikia, nimeujua kwa vitabu na ramani tu. Lakini katika kusoma nimekutana na mtu aliyeufanya, nami nimeona niwaandikieni habari zake, maana hakuwa injinia, wala hakuwa mtu asiye na lawama.

Pierre-Paul Riquet alizaliwa mjini Béziers mwanzoni mwa karne ya 17. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali na tena mtu wa biashara. Kijana huyu alipenda hesabu kuliko lugha. Alipokuwa mtu mzima alikiri mwenyewe kwamba Kigiriki na Kilatini hakukijua. (Wenzangu wanaoogopa mtihani wa Kilatini wasifurahi mno, maana hesabu alizijua sana.) Mwaka 1630 aliingia katika kazi ya kutoza kodi ya chumvi katika jimbo la Languedoc.

Yafaa nieleze kodi hiyo, maana bila yake mfereji usingalikuwapo. Zamani hizo mfalme wa Ufaransa hakutoza kodi hii kwa mikono ya makarani wake. Aliwauzia matajiri haki ya kuitoza: tajiri alimlipa mfalme kiasi walichopatana, kisha akakusanya kwa watu, na kilichozidi kilikuwa chake. Chumvi hakuna awezaye kuiacha, kwani ndiyo iliyohifadhi nyama na samaki, na wanyama pia waliihitaji. Basi maskini aliilipa kodi hiyo kila siku sufuriani mwake. Riquet akatajirika sana kwa njia hiyo, akanunua shamba na jumba la Bonrepos, karibu na Toulouse.

Sasa tazameni ramani. Siku zile merikebu iliyotaka kutoka Bordeaux kwenda pwani ya Languedoc ilizunguka Hispania yote na kupita Gibraltar, safari ya kilomita kama 3,000, yenye dhoruba na maharamia, na wafalme wa Ufaransa na Hispania walikuwa wakipigana mara kwa mara. Na kumbe katikati ya Toulouse na bahari ile ya pili nchi ni nyembamba! Wafalme wengi kabla ya hapo walitamani kuikata, na walileta mafundi wakaitazama. Wote walishindwa na jambo moja: maji. Mahali paitwapo Naurouze nchi huinuka mpaka mita 189 juu ya usawa wa bahari. Mvua inayonyesha upande mmoja huenda Atlantiki, na ya upande wa pili huenda Mediterania. Mfereji ukipita hapo lazima ushuke pande zote mbili, na kila mlango unapofunguliwa maji hukimbia chini. Ni nani atakayeyarudisha juu? Kuchimba kila mtu aliweza kukuwazia. Lakini mfereji usiojazwa juu ni shimo tu.

Riquet, katika safari zake za kodi, aliijua nchi ile yote, vijito na vilima vyake. Aliona kwamba kaskazini ya Naurouze uko Mlima Mweusi, wenye mvua nyingi, na ya kwamba vijito vyake vikikingwa na kuongozwa kando ya mlima kwa mteremko mdogo sana, vitafika Naurouze kwa miguu yao wenyewe. Katika kulichungua jambo hili alisaidiwa na Pierre Campmas, fundi wa chemchemi wa mji wa Revel, ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu. Nadhani alistahili zaidi.

Mwaka 1662 Riquet, akiwa amepita miaka hamsini, alimwandikia Colbert, aliyesimamia fedha za Mfalme Louis wa 14, akimweleza shauri lake. Mfalme akatuma watu wachunguze. Nao, kama ilivyo desturi ya kamati, walitaka majaribio kwanza. Riquet akakubali kuyafanya kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka 1665 akachimba mfereji mwembamba kutoka mlimani, na maji yakafika Naurouze. Basi mwezi wa Oktoba 1666 mfalme akatia sahihi amri ya kuanza kazi.

Kwanza alijenga bwawa la Saint-Ferréol, kuzuia maji ya mvua yangoje siku za ukame. Ukuta wake una urefu wa mita 780 hivi, na nyuma yake hukaa zaidi ya mita za ujazo milioni 6 za maji. Ulianzwa mwaka 1667, ukaisha mwaka 1672. Wakati kazi ilipopamba moto vibarua walifika 12,000, na kati yao walikuwamo wanawake, waliochukua udongo. Na hapa mtoza kodi huyu alifanya jambo la ajabu kwa zama zile. Aliwalipa watu wake kwa mwezi, livre 10, na wala hakuwakata siku za mvua, wala Jumapili na sikukuu, wala walipougua. Vibarua wakamjia kutoka mbali.

Lakini fedha za mshahara huo zilitoka wapi? Sehemu zilitoka kwa mfalme, sehemu kwa jimbo, na sehemu mfukoni mwa Riquet, ndiyo kusema katika chumvi. Katika nchi ya Roussillon, kwenye milima ya mpaka wa Hispania, kodi ya chumvi ililetwa mwaka 1661, na Riquet alikuwa na haki ya kuitoza huko. Watu wa milima wakaasi tangu mwaka 1667, mwaka ule ule wa kuanza bwawa, na vita vyao na askari wa mfalme viliendelea miaka mingi. Wao hawakupata mfereji wala mshahara. Nimefikiri sana jambo hili. Wako wanaosema kazi kubwa hufuta njia iliyoipatia fedha. Mimi siwezi kusema hivyo kwa niaba ya mtu wa Roussillon aliyekula chakula kisicho na chumvi.

Kazi yenyewe ilikuwa na makosa yake. Kuta za vyumba vya maji alizijenga kwanza zimenyoka, udongo ukazisukuma zikaanguka. Ndipo akazijenga kwa umbo la yai, zikashikana zenyewe kama tao la daraja lililolazwa chini, na hata leo msafiri huingia ndani ya mayai hayo. Huko Naurouze alichimba ziwa kubwa akitumaini kujenga mji kando yake. Ziwa likajaa matope, likaachwa, na leo ni shamba la miti. Mji wa Carcassonne ulikataa kutoa fedha, basi mfereji ukaupita pembeni, na wenyeji wakangoja mpaka mwaka 1810 ulipoletwa kwao. Narbonne nao waliukosa, kwa kuwa Riquet aliupitisha Béziers. Alikuwa na sababu zake za ufundi, lakini Béziers ndiko alikozaliwa, na watu wa Narbonne hawakusahau.

Karibu na Béziers njia ilizuiwa na kilima cha Malpas, chenye mawe laini yaporomokayo. Colbert siku hizo alikuwa amekwisha mchoka Riquet, akimwona mtu wa gharama nyingi na ahadi nyingi, na kazi ikaamriwa isimame. Husimuliwa kwamba Riquet alimwambia mwashi wake aendelee kwa siri, na kilima kikatobolewa kabla wakubwa hawajarudi. Handaki hilo lina urefu wa mita 165, na ndilo la kwanza la mfereji wa mashua katika Ulaya. Kisha mbele kidogo, pale Fonserannes, alipaswa kuteremsha mashua mita 21 kwa mara moja. Vyumba vinane vikajengwa vikifuatana kama ngazi, na waliovijenga ni ndugu wawili wasiojua kusoma wala kuandika.

Fedha zikaisha. Riquet alikopa, akauza, akakopa tena. Alitumia hata mali aliyowawekea binti zake kwa ajili ya kuolewa. Maana huko, kinyume cha desturi zetu, baba wa bibi arusi ndiye atoaye mali. Mtu aweza kuisifu habari hii kama kujitoa. Lakini mabinti nao wangekuwa na neno lao, na vitabu nilivyosoma havikuwauliza.

Akafa mjini Toulouse mwezi wa Oktoba 1680, akiwa na deni la livre kama milioni mbili. Mfereji ulikuwa umebakiza kilomita zipatazo nne tu kufika ziwa la Thau. Wanawe wakamaliza, na mwezi wa Mei 1681 mashua za kwanza zikapita kwa sherehe, miezi saba baada ya kifo chake. Miaka michache baadaye Vauban, injinia mkubwa wa mfalme, aliukagua, akaongeza madaraja ya kuvusha mfereji juu ya mito na njia za kupitisha mafuriko chini yake. Jamaa za Riquet hawakuonja faida mpaka madeni yalipokwisha, mwaka 1724.

Mashua za mizigo zilivutwa na farasi zikichukua ngano na divai, hata reli ya Bordeaux na Sète ilipofunguliwa mwaka 1857 ikawanyang'anya kazi. Mwaka 1996 UNESCO iliuweka mfereji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Wengi hudhani miti mikubwa ya kando ilipandwa na Riquet, lakini ni ya karne ya 19, na tangu mwaka 2006 ugonjwa wa kuvu umeishika, hata maelfu yamekatwa na mingine kupandwa mahali pake.

Sanamu yake imesimama Béziers tangu mwaka 1838. Oktoba ikiisha mashua za matembezi hupungua, na kwa kawaida Novemba milango hufungwa kwa matengenezo ya baridi. Wakati huo mvua huwa zimeanza katika Mlima Mweusi, na bwawa la Saint-Ferréol hujazwa tena.